Duara lisilo na chini



Kwa kawaida ukurasa huu hujadili bajeti, sheria na mwenendo wa sisi tuliopewa dhamana ya umma. Leo nitazungumzia hitilafu ya kompyuta. Sijaziacha hoja zangu za siku zote. Nimezikuta mahali nisipozitarajia, ndani ya programu niliyoisimamia mwenyewe na ndani ya shilingi 75,000 ambazo programu hiyo ilimpunja mama mmoja mchimbaji wa dhahabu mkoani Geita. Alipokuja kulalamika, mimi mwenye shahada ya uzamivu nilichukua kalamu nikamthibitishia kwa hesabu kwamba hakupunjwa. Hilo ndilo linalonisukuma kuandika.

Mimi ni mzaliwa wa Geita. Nilizaliwa wakati Geita ikiwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, miaka mingi kabla haijawa mkoa mwaka 2012. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na sisi watoto tulikua tukionywa tusisogelee mashimo ya wachimbaji. Wenyewe hawayaiti mashimo. Huyaita maduara. Mtu ana duara lake, hushuka duarani, na Mungu akimjalia duara hutema. Nilipoanza kufundisha uandishi wa programu chuoni, neno hilo lilinirudia kila nilipowaeleza wanafunzi juu ya programu inayozunguka bila kikomo, kwa kuwa duara katika Kiswahili cha darasani ni mviringo na katika Kiswahili cha Geita ni shimo. Sikujua kwamba siku moja ningezikuta maana zote mbili mahali pamoja.

Tarehe 17 Machi 2019, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua soko la dhahabu mjini Geita, la kwanza la aina yake nchini. Kabla ya hapo dhahabu nyingi ya wachimbaji wadogo iliuzwa gizani, kwa mizani ya mnunuzi na bei ya mnunuzi. Sokoni mzigo hupimwa hadharani, hukatwa mrabaha uliokuwa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na muuzaji huondoka na karatasi mkononi. Lakini mwanga wa soko ulikuwa unaishia mlangoni mwa soko. Fedha zikirudi machimboni, mgawo kati ya mwenye leseni, mwenye duara, wachimbaji na wafadhili uliendelea kuandikwa katika kaunta buku la katibu wa kikundi, na kaunta buku likilowa au likipotea, haki za watu huondoka nalo.

Ndipo mwaka 2023 kikundi kimoja cha wachimbaji wadogo upande wa Nyarugusu kilipotuomba, mimi na wanafunzi wangu watatu, tuwatengenezee programu ya mgawo. Mtandao kule ni wa kubahatisha, kwa hiyo tuliamua kwamba hesabu zifanyike ndani ya simu ya katibu mwenyewe, katika kivinjari, hata kama mawasiliano yamekatika. Tuliandika hesabu hizo kwa lugha ya C++, kisha tukazipitisha katika kompaila iitwayo Emscripten. Kompaila ni mfasiri: huchukua maandishi ambayo binadamu anaweza kuyasoma na kuyageuza kuwa tarakimu ambazo mashine inaweza kuzitekeleza. Tarakimu hizo, katika umbo liitwalo WebAssembly, ndizo zinazokimbia ndani ya kivinjari.

Kabla sijaeleza kilichotokea, niseme neno juu ya namna programu inavyokumbuka. Penye karasha, mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu, viroba vya mawe hurundikwa kimoja juu ya kingine. Kinachowekwa mwisho ndicho kinachochukuliwa kwanza, na cha chini kabisa husubiri mpaka vyote vilivyo juu yake viondolewe. Programu nayo ina mrundiko wa namna hiyo. Kipande kimoja cha programu kikihitaji jibu kutoka kipande kingine, huweka kiroba chake chenye maandishi: nilikuwa hapa, nikipata jibu nitaendelea. Kipande cha pili kikihitaji jibu la cha tatu, nacho huweka kiroba chake juu. Jibu likipatikana, viroba huanza kuondolewa kutoka juu kwenda chini, mpaka kazi ya kwanza ikamilike.

Alan Turing, katika mapendekezo yake ya kompyuta ya ACE yaliyowasilishwa mwaka 1946, alitumia kwa kazi hii maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kuzika na kufukua. Mtu wa ukanda wetu hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji 5 walifukuliwa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Anayezikwa huzikwa kwa matumaini kwamba upo mwisho ambao kazi ya kufukua itaanzia. Programu ambayo kila kipande chake kinamwuliza mwenzake, na hakuna hata kimoja chenye jibu lake chenyewe, huzika tu. Huongeza kiroba juu ya kiroba mpaka nafasi iishe, na hapo huanguka. Sisi wa fani hii tunasema mrundiko umefurika.

Yetu ilianguka usiku wa kuamkia siku ya maonyesho. Kesho yake tulitarajia wageni kutoka chuoni na kutoka serikalini, na wachimbaji wenyewe walikuwa wamechanga fedha za chakula. Tuliingiza kumbukumbu za mwezi huo, tukabonyeza kitufe cha kugawa, na ukurasa ukafa. Maandishi mekundu yalidai kwamba kumbukumbu imeguswa nje ya mipaka yake. Chini yake palikuwa na orodha ndefu ya namba: 412, 97, 412, 97, 412, 97, na kuendelea hivyo. Majina hayakuwepo. Kompaila inapoandaa programu ya kwenda kwa watumiaji huondoa majina ili mzigo uwe mwepesi, na kila kipande hubaki kuwa namba, kama mshtakiwa katika jalada.

Mwanafunzi wa kwanza alikuwa na maelezo, na yalikuwa maelezo mazuri. Wiki ile tulikuwa tumebadilisha toleo la kompaila. Alisoma taarifa za matoleo mapya akagundua kwamba mwishoni mwa mwaka 2022 watengenezaji wake walipunguza nafasi ya mrundiko wanayoitoa bila kuombwa, kutoka megabaiti 5 hadi kilobaiti 64. Akapiga hesabu mbele yetu: kilobaiti 64 ni baiti 65,536; kiroba kimoja kikichukua baiti 128, mrundiko unajaa kwa viroba 512. "Mwalimu, tumepunguziwa ghala," alisema. Tukairudisha nafasi kuwa megabaiti 5 kama zamani, tukafasiri upya, tukabonyeza. Ukurasa ukafa tena. Safari hii ujumbe ulikuwa tofauti. Kivinjari chenyewe ndicho kilicholalamika kwamba mrundiko wake wa miito umevuka kiwango cha juu. Tulikuwa tumepanua chumba kimoja na mafuriko yakatokea chumba cha pili.

Mwanafunzi wa pili, binti mtulivu ambaye darasani husema mara chache, aliomba tufasiri programu bila kufuta majina. Itakuwa nzito, alisema, lakini itatuambia nani anamwita nani. Tukafanya hivyo. Namba 412 ikawa "mapato ya mtu", na namba 97 ikawa "mgawo wa mfadhili". Akaongeza mstari wa kuchapisha jina la kila mtu aliyekuwa akihesabiwa, na kioo kikajaa majina mawili tu yakipishana. Moja lilikuwa la mzee mwenye duara namba 4, na la pili la mama mwenye duara namba 7.

Habari yao ilikuwa hivi. Duara la mama lilikuwa limejaa maji, na mzee akamwazima pampu. Mzee naye aliishiwa fedha za chakula cha vijana wake na za magogo ya kushikiza kuta za duara, na mama akamkopesha. Wakaandikishana mbele ya katibu: mzee atampa mama robo, na mama atampa mzee robo. Katika programu yetu, mapato ya mtu yalikuwa ni fedha za duara lake pamoja na robo anayopokea kutoka kwa kila anayemfadhili. Ili kujua mapato ya mzee, programu ilihitaji kujua mapato ya mama. Ili kujua mapato ya mama, ilihitaji kujua mapato ya mzee. Hapo hapakuwa na mwisho. Hata tungeipa programu nafasi kubwa kama Ziwa Victoria, ingelijaza.

Yule binti aliuliza, "Mwalimu, kwa nini tusiwaulize wenyewe walikubaliana nini?"

Ilikuwa imepita saa sita usiku. Nilimjibu kwamba tutawauliza baada ya wageni kuondoka. Kisha nikaagiza jambo ambalo ningemnyima alama mwanafunzi yeyote kwa kulifanya. Niliagiza tuweke kikomo: programu ikishazunguka mara 100, iache kuuliza na ichukulie kwamba jibu lililobaki ni sifuri. Tukaweka. Tukabonyeza. Maandishi mekundu hayakuonekana tena, na jedwali safi likajitokeza lenye jina la kila mtu na fedha zake.

Kabla ya kulala nilijipa faraja ya kitaaluma. Duara la mzee lilikuwa na shilingi 3,000,000 baada ya makato, na la mama lilikuwa na shilingi 1,500,000. Nikaandika milinganyo miwili: mapato yote ya mzee ni 3,000,000 kujumlisha robo ya mapato ya mama, na mapato yote ya mama ni 1,500,000 kujumlisha robo ya mapato ya mzee. Ukiitatua kwa pamoja, mzee anapata 3,600,000 na mama 2,400,000. Kila mmoja akitoa robo yake, mzee anabaki na 2,700,000 na mama anabaki na 1,800,000. Jumla ni 4,500,000, na hakuna hata shilingi iliyopotea. Programu ilitoa namba hizo hizo, kwa sababu kila mzunguko uligawanya masalio kwa nne, na baada ya mizunguko 100 masalio hayafiki hata senti. Nikalala usingizi mzuri, nikiamini kwamba njia ya mkato na njia kuu zimekutana.

Maonyesho yalifana. Tulipigiwa makofi. Mgeni mmoja alisema hiki ndicho chuo kikuu kinachotakiwa na taifa, nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Wageni walipoondoka, sikuwauliza mzee na mama chochote.

Siku ya malipo nilikuwepo. Mama alipokea fedha zake, akazihesabu, akazihesabu tena, kisha akatoa ndani ya mkoba daftari dogo la shule lililokunjika pembe. Akaja mpaka mezani kwetu.

"Mwalimu, shikamoo ya leo unipe wewe," alisema kwa utani, maana kwa umri ni mama yangu kabisa. "Simu yako imesema 1,800,000. Daftari langu linasema 1,875,000."

Nilimwamkia, nikampa kiti, kisha nikafanya kosa langu la pili. Nilichukua karatasi nikaanza kumfafanulia milinganyo. Nilimweleza kwa upole, na upole ule sasa ndio unaoniumiza zaidi, kwa sababu ulikuwa upole wa mtu asiyefikiria hata kidogo kwamba anaweza kuwa amekosea. Vijana wa maduara walikusanyika. Baadhi yao walianza kumtazama mama kama mtu anayetafuta fedha za bure. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitazama karatasi, akanirudishia.

"Hesabu yako sijaielewa, mwanangu. Ila makubaliano yangu nayajua. Nilimpa mzee robo ya mawe ya duara langu. Sikumpa robo ya kile atakachonipa yeye. Mtu akikuletea bakuli la mchele kwa wema wako, humkatii kipande akarudi nacho kwake."

Nikageuka kumtazama mzee. Yeye ndiye aliyezidishiwa zile 75,000. Kwa hesabu ya mama, mzee alistahili 2,625,000 na alikuwa ameshika 2,700,000. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema kwamba msomi ameshahukumu. Alisema, "Alivyosema ndivyo tulivyopatana. Robo ya duara kwa duara." Akaanza kuhesabu noti. Niliingiza mkono mfukoni nikisema kwamba kosa ni langu na nitalilipa mimi, naye akanikatalia: "Fedha yake ninayo mimi, mwalimu. Wewe rekebisha simu."

"Wabeja," mama akamwambia, akazifunga fedha zake katika pindo la khanga. Mimi hakunidai hata pole.

Tulirekebisha kwa mstari mmoja. Palipoandikwa mapato ya mtu tukaandika mapato ya duara lake. Fedha za duara ni namba iliyotoka sokoni. Haimwulizi mtu yeyote. Mzee: 3,000,000, toa 750,000, ongeza 375,000. Mama: 1,500,000, toa 375,000, ongeza 750,000. Tulikiondoa kile kikomo cha mizunguko 100, tukairudisha nafasi ya mrundiko kwenye kilobaiti 64, na programu haikuanguka. Wachimbaji hawakuwahi kupatana jambo lenye mzunguko. Mzunguko tuliuleta sisi, tulipolichukua neno lao "mawe ya duara" na kulifasiri kwa neno letu pana, "mapato". Kompaila ilifanya kazi yake kwa uaminifu. Aliyefasiri vibaya ni mimi, kabla kompaila haijaguswa.

Nimeitafakari sana tofauti kati ya ile programu iliyoanguka na ile iliyotulia. Iliyoanguka ilituaibisha usiku wa manane, lakini ilikuwa inasema kweli: ninyi mnaniuliza jambo lisilo na jibu. Iliyotulia ilitupa jedwali safi na makofi, nayo ilikuwa inasema uongo wenye jumla sahihi. Uongo wenye jumla sahihi ni mgumu kuukamata, kwa sababu mkaguzi hutazama jumla. Anayeujua ni yule mmoja aliyepunjwa, kama ana daftari lake, na kama kuna mtu wa kumsikiliza.

Wenzetu wa Uingereza wameyaona haya kwa kiwango cha kutisha. Kati ya mwaka 1999 na 2015, mamia ya wasimamizi wa ofisi ndogo za posta walishtakiwa kwa wizi na udanganyifu kwa sababu mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon ulionyesha upungufu wa fedha katika vituo vyao. Waliposema kwamba hawakuiba, mfumo uliaminiwa kuliko wao. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu zilizoweza kuleta upungufu wa namna hiyo, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu za aina hiyo kwa pamoja. Watu wale nao walikuwa na madaftari yao. Nilipoisoma habari hiyo sikuweza kujiweka upande wa wahukumu wake. Nilimkumbuka mama wa duara namba 7, na ile karatasi yangu ya milinganyo.

Nyumbani kwetu nako ninaufahamu mrundiko unaofurika. Baba alipofariki, mama yangu alifuatilia mafao yake kati ya ofisi mbili. Ya kwanza ilisema haiwezi kufungua jalada bila barua ya ofisi ya pili. Ya pili ilisema haiwezi kuandika barua bila namba ya jalada kutoka ofisi ya kwanza. Kila safari aliongeza nakala, mihuri, picha ndogo na nauli. Bahasha yake ilinenepa mwaka baada ya mwaka. Hakuna mtumishi hata mmoja aliyemtendea kwa ukali. Wote walikuwa wapole kama nilivyokuwa mimi mezani kule Nyarugusu, na kila mmoja, kwa kipande chake, alifuata utaratibu. Mzunguko ulikatika siku karani mmoja wa makamo alipomwuliza, "Mama, hasa unachotakiwa kupata ni nini?" Akasikiliza, akasoma waraka wenyewe badala ya kusimuliwa, akagundua kwamba barua ile haikuwa inatakiwa kabisa. Mtu fulani zamani aliiongeza kwa tahadhari, na waliomfuata wakaifanya sheria. Karani akaweka sahihi. Mama akafukuliwa.

Kwa hiyo ninawaachia wasomaji wangu, hasa wanafunzi na watumishi wa umma, mambo matatu.

Mosi, mahali panapoanguka si lazima pawe mahali palipo na kosa. Kiroba kinachoporomoka ni cha juu, kwa kuwa ndicho kilichowekwa mwisho. Hata hivyo, tunapochunguza hitilafu za umma humwajibisha karani wa mwisho aliyekutwa na jalada mkononi, kama vile sisi tulivyoanza kwa kuilaumu kompaila. Rudisheni majina mahali palipo na namba, kisha ulizeni nani alimwita nani.

Pili, kuongeza ghala si tiba ya mzunguko. Tunapoona malalamiko ya wananchi yamerundikana, huwa tunaongeza dawati, kamati na kikosi kazi. Kama kila dawati jipya nalo halina mamlaka ya kutoa jibu bila kumwuliza mwingine, tumenunua kilobaiti tu. Mafuriko yatahamia chumba cha pili. Na kule kuweka kikomo cha kimyakimya, malalamiko yakizidi idadi fulani yanahesabiwa kuwa yamekwisha, ni hatari zaidi. Taarifa itasema hakuna malalamiko, na mahali fulani mama atabaki na pengo la shilingi 75,000 ambalo jedwali halina safu ya kulionyesha.

Tatu, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nimeufundisha msemo huo kwa wanafunzi kwa miaka, nikimaanisha kwamba wao waniulize mimi. Binti yule aliuelewa kuliko mwalimu wake. Kila programu inayojiita yenyewe huhitaji mahali pa kusimama, hali moja ambayo jibu lake linajulikana bila kuuliza zaidi. Katika programu yetu mahali hapo palikuwa midomoni mwa watu wawili waliolala mita chache kutoka tulipokuwa tunakesha. Tulitafuta jibu katika megabaiti, katika taarifa za matoleo na katika aljebra, na tungelipata kwa kugonga mlango asubuhi.

Binti yule amehitimu. Katika ripoti yake ya mwisho alieleza hitilafu hii kwa ukurasa mmoja na nusu. Kwenye sehemu ya chanzo cha tatizo, ambapo nilitarajia kuona jina la kompaila na namba ya toleo, aliandika kwamba msimamizi wa mradi aliahirisha swali. Nilishika kalamu nyekundu kwa muda. Nikampa alama zake zote.

Naomba kuwasilisha.